Saksafoni Mbili na Piano Yangu

Saidi, mpiga saksafoni, tulimzika kule Jomvu mwezi uliopita, na kati ya wanaume watatu tuliotengeneza ile albamu nimebaki peke yangu. Baada ya hitima vijana wa mtaa walinipisha kiti cha mbele barazani, wakaniomba niseme machache juu ya marehemu. Nikasema mengi. Haki nilikuwa nayo: ni mimi niliyepiga piano, ni mimi niliyeandika noti zote kwa mkono wangu, na ni mimi niliyewaweka pamoja mabingwa wawili ambao Mombasa nzima iliapa hawawekeki pamoja. Nilipoketi, mzee mmoja nyuma yangu alimnong'oneza jirani yake, "Maiti ni ya Saidi, sifa ni za Mwalimu." Wakacheka, nami nikacheka nao. Sijapata kuona faida ya mtu kuwasha taa kisha akaifunika kwa pishi. Lakini nilirudi nyumbani na jambo moja ambalo sikulisema pale barazani, wala sijapata kulisema mahali popote. Leo naliandika, pamoja na mwaka uliolizaa.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu askari wetu warudi kutoka Burma. Mimi sikwenda vitani. Nilikwenda Kampala, nikarudi na diploma ya ualimu, na upande wetu ule, kuanzia Frere Town hadi Bombolulu, hapakuwa na kijana mwingine aliyekuwa nayo. Habari za ukoo wangu na za kibatari nilichosomea naziacha, maana wanangu wamezisikia mpaka wanazikariri. Diploma niliitia kwenye fremu, nikaitundika katika chumba nilichopanga Kisauni, mahali ambapo mgeni angeiona kabla hajaona kitanda. Mwenye nyumba, Bi Mwanaisha, alikuwa akiwaleta mashoga zake kuitazama. "Ndiyo hii," huwaambia. "Tazameni, lakini msiiguse." Chumba kilikuwa na dirisha moja tu, nalo lilielekea jikoni kwake, hivyo kila alfajiri niliamshwa na harufu ya mahamri na mbaazi za nazi. Siku hizi nina nyumba ya ghorofa na madirisha kumi na manane, nimeyajenga kwa jasho langu, na hakuna hata moja lililopata kuniamsha vile.

Piano nilijifunza mwenyewe. Nilianzia kwenye kile kinanda cha kanisa cha kukanyaga kwa miguu, na Kampala nikapata piano ya chuo, ambayo niliipiga kila Jumamosi wenzangu walipokuwa wakicheza mpira. Niliporudi nilikuwa najua nyimbo za dini zote, na najua jazi, ambayo nilikuwa nimeisikia kwenye santuri za mwalimu wetu mmoja na kuiandika kwenye karatasi, noti kwa noti. Kuandika noti kwa kusikia si jambo dogo. Mpaka leo sijakutana na mtu wa pwani anayeliweza kama nilivyoliweza mimi.

Chakula cha jioni nilikula Frere Town, kwa Danieli. Danieli alikuwa seremala, mtu mrefu mpole mwenye miaka thelathini na kitu, na katika bendi ya jeshi alikuwa amejifunza saksafoni ya tenori, ile kubwa yenye shingo iliyopinda, ambayo sauti yake inakaribia ya mwanamume anayesema na nafsi yake. Nimewasikia wapiga saksafoni wengi tangu siku zile, wengine nimelipa kiingilio Ulaya kuwasikiliza, na bado namweka Danieli juu yao. Alipiga noti chache. Angeishika noti moja, akaiacha ipumue, akaigeuza kidogo kama mtu anavyogeuza ubao kutazama upande wa pili, kisha ndipo aende kwenye nyingine. Mkewe, Bi Rahabu, alitupikia sima na mchuzi wa papa wa nazi, naye Danieli akipikiwa ndizi za nazi zilizopondwa. Miezi kadhaa nilidhani anapenda tu ndizi. Kisha jioni moja, nikiwa nimeketi sebuleni nikimsubiri atoke kuoga, nilimsikia yeye na mkewe chumbani, maana ukuta wa kati ulikuwa wa mbao na haukufika juu.

"Baba Eliza, foronya ina damu tena."

"Ni mate."

"Mate mekundu? Daktari amekwisha sema, fizi zimeoza. Meno ya mbele yote, juu na chini, Jumanne ya mwisho wa mwezi. Nenda ukang'olewe, ulale kama watu."

"Rahabu, bila meno ya mbele saksafoni haishikiki. Nitapigia nini, nyusi?"

"Utakuwa mzima."

Kisha Danieli akasema, kwa sauti ambayo ilinifanya nitazame sakafu, "Eliza ana miaka miwili. Akikua ataambiwa baba yake alikuwa akipiga, naye atasema, 'Ala, kumbe.' Hivyo tu. Ningalipenda anisikie mara moja."

Alipotoka nilijifanya nasoma gazeti. Lakini mimi si mtu wa kusikia tatizo nikalala. Siku ya pili yake nilivuka kwenda kisiwani, kwa Bwana Ramji, mwenye duka la redio na gramafoni, ambaye nilijua alikuwa amenunua mashine ya kukata santuri. Ilikuwa kitu kipya kwetu: mtu akipiga mbele ya maikrofoni, sindano inachimba sauti ile ile kwenye sahani laini, pale pale, mbele ya macho yako. Nilimweleza nia yangu: saksafoni ya Danieli na piano yangu, mbele ya watu, katika ukumbi, siku ya Jumapili kabla ya Jumanne ile. Bwana Ramji alinisikiliza akichokonoa redio. "Mwalimu," akasema, "mtu mmoja na piano, watu watanunua mara moja. Yeye na yule Saidi wa Changamwe pamoja, Mombasa nzima itanunua. Niletee wawili, nitaleta mashine na sahani tatu. Pande sita. Nitazitia katika jalada kama la kitabu, kama albamu ya picha." Wakati ule albamu ilikuwa albamu kweli, uliifungua kurasa na ndani mna santuri.

Hapo palikuwa na mlima. Saidi na Danieli walikuwa wamelala hema moja Burma na kupiga bendi moja, lakini waliporudi kila mmoja alichukuliwa na watu wake. Danieli akawa wa Kisauni na Frere Town, Saidi wa Changamwe na Jomvu, na mashabiki, hasa kina mama, wakaanza kurushiana vijembe kama wafanyavyo katika kila ngoma ya pwani. Ikawa wakipiga pamoja lazima yawe mashindano, na wao wenyewe hawakutaka kushindana, basi wakaacha hata kutembeleana. Nilimkuta Saidi nje ya ghala la mafuta alikofanya kazi ya kujaza mapipa. Alikuwa mfupi, kifua kipana, amekaa juu ya pipa anakula muhogo wa kuchoma kwa pilipili na ndimu, na wenzake wamemzunguka.

"Salaam aleikum, Bwana Saidi."

"Waleikum salaam. Wewe ndiwe yule mwenye karatasi ya Kampala?"

"Ndimi."

"Hebu nambie, karatasi hiyo yalika?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Hailiki," nikamjibu, "lakini inasomeka, kwa anayejua kusoma."

Yeye ndiye aliyecheka kuwashinda wote, akanisogezea muhogo. Nikamweleza shauri langu. Alipolisikia jina la Danieli akatikisa kichwa. "Yule mzito? Yule akishika noti moja, waenda sokoni, wanunua samaki, warudi, wamkuta nayo."

"Lakini ni noti gani!" nikasema.

Akaacha kutafuna. "Wallahi," akasema polepole, "ni noti gani."

Nilipomwambia habari ya meno aliuliza, "Ya mbele yote?" Nikamwambia yote. Akajipangusa mikono kwenye suruali, akashuka kwenye pipa. "Nambie siku na saa," akasema, na hakutia mzaha mwingine.

Tulifanya mazoezi wiki tatu chumbani kwangu, mimi na kinanda cha kuazima, Bi Mwanaisha akileta kahawa na kukaa mlangoni. Saidi alikuwa kinyume cha Danieli kwa kila kitu. Noti zake zilitoka kwa haraka na kwa kusukumana, kama watu wanaoteremka ngazi mbili mbili, na hakuna hata mmoja aliyejikwaa. Nilipata bahati ambayo wanamuziki wengi wenye diploma kubwa kuliko yangu hawaipati: kukaa baina ya vipaji viwili vya aina ile, kimoja kulia, kimoja kushoto, katika chumba cha hatua nne. Danieli alikuwa akimtazama Saidi vidole na kutabasamu. Saidi naye, kila Danieli alipoanza ule wimbo wake, alikuwa akiitua saksafoni yake magotini na kusikiliza. Wimbo huo Danieli aliutunga Burma akiwa hospitali ana malaria. Haukuwa na jina. Wenyewe waliuita Ile ya Hospitali. Nikaamua uwe upande wa sita, wa mwisho, Danieli peke yake na piano, Saidi asubiri.

Kupanga nilipanga kama mtu aliyesoma. Kila upande wa sahani ulichukua dakika nne na kidogo, basi niliandika kila wimbo ukae ndani ya dakika nne. Maikrofoni ilikuwa moja tu, basi nilichora duara la chaki mbele yake: anayepiga peke yake aingie ndani ya duara, mwenzake arudi nyuma hatua tano. Bwana Ramji, mwenye vifaa vya kusikilizia masikioni, angeinua leso nyeupe ikibaki nusu dakika. Piano ya ukumbi wa wafanyakazi kule Changamwe ilikuwa imelegea nyuzi kwa unyevu, nami nikaikaza kwa spana ya baiskeli, siku mbili, mpaka ikasema kweli. Nilisahau jambo moja tu, nalo ndilo ambalo mtu yeyote wa Mombasa asiyejua hata kusoma angelikumbuka.

Kwetu mtu akipiga vizuri hutuzwa. Humwachi bingwa akamaliza hivi hivi kama aliyekuwa akisoma tangazo. Wanawake huinuka na leso zao, wakamwendea kwa mwendo wa kucheza, wakamfunika mabega, wakamzunguka na kupiga vigelegele, na kadiri anavyopendwa ndivyo duara linavyokuwa nene. Mimi nilisimama jukwaani Jumapili ile saa tisa mchana, ukumbi umefurika, Kisauni wamekaa kushoto na Changamwe kulia, nikasoma masharti: watu wapige makofi mwisho wa wimbo tu, asiinuke mtu, asitoe mtu vigelegele. "Kwani tumekuja kanisani?" sauti ya kike ikauliza upande wa kulia. "Kanisani tunaimba," wa kushoto wakajibu. Watu wakacheka, wakatulia. Na nataka niseme kwamba walijizuia kwa pande tano nzima, na pande zile tano ni kazi ambayo mpaka leo siogopi kuiweka mbele ya mtu yeyote. Katika ule wa pili Saidi na Danieli wanabadilishana mistari minne minne, na mwisho wanapiga pamoja, na unasikia ukumbi ukivuta pumzi. Piano iliyo chini yao, isiyoteleza hata mara moja, ni yangu.

Upande wa sita nilianza peke yangu, nikampa Danieli mlango. Alikuwa hatua tano nyuma. Alianza kupiga papo hapo alipokuwa, akija polepole kuelekea duara la chaki kama tulivyopanga, macho ameyafumba. Hakuwa amefika nusu ya njia, Bi Rahabu akainuka. Alijua siku ile ni siku gani. Akamwendea mumewe, akavua leso yake ya mabegani, akamfunika. Mama mmoja wa Frere Town akamfuata, kisha watatu, kisha kumi. Na nikaona kwa macho yangu wanawake wa Changamwe, waliomtukana kwa vijembe miaka miwili, wakivuka ukumbi na leso mikononi. Wakamzunguka tabaka mbili, tabaka tatu, wakicheza, vigelegele vimepanda. Danieli alisimama katikati, hasogei tena, anapiga. Ukumbini alisikika; mimi nilimsikia, na sijawahi kusikia mtu akipiga vile. Lakini nilimtazama Bwana Ramji, naye alikuwa anatikisa kichwa na kuonyesha masikio yake: hakuna kitu, piano na kelele tu. Baina ya saksafoni ya Danieli na maikrofoni palikuwa na ukuta wa wanawake, na sahani inazunguka, na hapakuwa na sahani nyingine.

Saidi aliona alichoonyesha Ramji. Akanitazama mara moja, akaingia ndani ya duara la chaki, akaweka tundu kubwa la saksafoni karibu na maikrofoni, akapiga Ile ya Hospitali. Aliipiga kama Danieli. Nilitegemea vidole vyake vitakimbia, havikukimbia. Aliishika noti akaiacha ipumue, akaigeuza, akangoja mahali ambapo mwenzake hungoja. Mtu aliyeweza kupiga noti ishirini kwa pumzi moja alipiga moja, na baada yake moja. Alipiga kwa sauti ya chini, akiwa amewapa watu mgongo, na kwa zile kelele hapana aliyemjali. Leso nyeupe ikainuka. Nikafunga wimbo.

Ukuta wa wanawake ulipofunguka Danieli alitoka na leso zaidi ya kumi shingoni, jasho na machozi pamoja, na kipande cha mwanzi cha mdomo wa saksafoni alichokitoa kinywani kilikuwa chekundu. "Imeingia?" akaniuliza. Nikasema imeingia. Haikuwa uongo, kitu kilikuwa kimeingia. Jumanne akaenda hospitali.

Bwana Ramji alinipa nakala za kwanza wiki tatu baadaye, na mimi na Saidi tukazipeleka Frere Town pamoja, Jumapili baada ya ibada. Njiani nilimuuliza tutasemaje. "Tutasema kweli," akasema. "Nimekula naye mahindi mabovu Burma. Sahibu hadanganywi. Nitamwambia, ndugu yangu, ile ya mwisho haikukupata, nami niliishika isianguke. Atanielewa." Nilikubaliana naye. Tena mimi nilikuwa na sababu yangu: Ramji alikuwa amenitaka niandike karatasi ya jalada, nani anapiga wapi, na jina langu lilikuwa chini ya karatasi ile. Sikuwa mtu wa kutia jina kwenye kosa.

Danieli alikuwa amekonda. Midomo ilikuwa imeingia ndani, akionekana mzee wa miaka sitini, na saksafoni ilikuwa juu ya kabati, ndani ya sanduku lake. Bi Rahabu alitupatia chai ya tangawizi na vitumbua. Nilifungua gramafoni niliyoiazima, nikaweka upande wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Danieli alisikiliza ameshika magoti. Alimsifu Saidi, alinisifu mimi, na juu yake mwenyewe hakusema neno. Saidi, ambaye siku nyingine angekwisha kutueleza mara tatu jinsi alivyo bingwa, alikuwa akikitazama kikombe chake. Nikaweka upande wa sita. Piano yangu ikaingia, vigelegele vikapanda, na saksafoni ikatoka kati yake, karibu na wazi, kama mtu aliyeketi nasi mezani.

Danieli aliinua uso. Bi Rahabu alisimama mlangoni na birika mkononi. Ile noti ndefu ilipofika, ikashikwa, ikageuzwa, Danieli aliweka kiganja juu ya mdomo wake usio na meno, akasema kupitia vidole, "Mama Eliza, sikia. Hapo ni mimi." Kisha akamgeukia Saidi. "Sivyo? Sikujua kama nilifika hapo. Siku ile nilikuwa sijisikii kwa kelele. Hapo ni mimi?"

Nilimtazama Saidi. Nilimwona akifungua kinywa kusema lile tulilokubaliana njiani.

"Ni wewe," akasema. "Nani mwingine Mombasa hii angeweza?"

Santuri ilifika mwisho, sindano ikawa inakwaruza mahali pamoja. Zile sahani za kwanza zilikuwa laini, na Ramji alikuwa ameniambia kila sindano ikipita hula sauti kidogo. Wote watatu walikuwa wakinitazama mimi, mwenye diploma, mwenye masikio. Nikainua sindano, nikairudisha mwanzo.